Mlima Unaovuta: Kabari Upande wa Juu

Haikuwa na dereva.

Hapo ndipo tulipoachana wiki jana, na kama mlilala vibaya, poleni. Pikapu ya kijivu ya mpima ardhi Anton Pasko ilikuwa imeachia nyuma ya kanisa, inateremka kinyumenyume, na huko chini mji mzima wa Kunkle ulikuwa kwenye sherehe ya kikosi cha zimamoto, watu wakila, wakicheza bingo, wakiwateta majirani. Zella Kuhnert peke yake ndiye aliyeiona. Alipiga ukelele. Bendi ya tarumbeta ikaumeza.

Akapiga wa pili. Huo ulisikika.

"Tokeni! Tokeni hapo! Gari!"

Meza ya bingo ilipaa. Sinia la pierogi, vile vitumbua vya kujazwa viazi, lilimwagikia mchungaji kichwani. Pikapu ilipasua hema, ikakata kamba, ikaelekea moja kwa moja kwenye kibanda cha pai cha Bi Ottilie Wenger, mpiga kinanda wa kanisa, ambaye alikuwa amevua kifaa chake cha kumsaidia kusikia kwa sababu hakuipenda ile bendi.

Zella alikimbia. Alimfikia. Akamshika mkono wa gauni.

Mkono wa gauni ulibaki naye.

"Yuko hai!" alipaza sauti mzimamoto mmoja, amepiga magoti katikati ya mbao na pai za tufaha. "Anapumua! Lakini leteni machela, na mlete upesi!"

Bi Ottilie alipakiwa kwenye gari la wagonjwa amefumba macho. King'ora kilipotelea barabara kuu, na hakuna aliyejua kama angeyafumbua tena.

Ndipo Pasko alipotokea mbio kutoka kwenye foleni ya chakula, sahani ingali mkononi.

"Hiyo ni gari yangu," alisema.

Asiye na hatia huwa na haraka ya kusema. Ndiyo shida yake.

"Tunaona ni gari yako," alijibu Gus Hribar, askari wa kaunti, mtu mpole mwenye tumbo la sherehe nyingi. Leo hakuwa mpole. "Uliiegesha wapi?"

"Mbele ya kanisa. Kwenye tambarare, karibu na bendera."

"Imetokea nyuma ya kanisa, bwana. Kwenye mteremko."

"Basi kuna mtu kaihamisha. Ufunguo niliuacha ndani."

"Uliuacha ndani!"

"Ninyi nyote mnaacha funguo ndani, Gus. Wewe mwenyewe umeuacha wako sasa hivi."

Kweli tupu. Kunkle hakuna aliyewahi kuchomoa ufunguo wa gari. Lakini mambo kama hayo hayapendezi kusikiwa kutoka kwa mgeni, hasa siku ambayo gari la mgeni limemponda mpiga kinanda.

"Gus!" aliita mtu kutoka juu, nyuma ya kanisa. "Njoo uone maajabu!"

Wakapanda wote, Pasko kashikwa mkono, Zella nyuma yao bado kakumbatia kile kipande cha gauni. Pale nyasi zilikuwa zimelala kwa alama za magurudumu. Na pale alama zilipoanzia palikuwa na kabari ya mti, ile ya kusukumia chini ya gurudumu gari lisitembee. Ilikuwa ya Pasko, imepakwa rangi nyekundu. Ilikuwa imekaa vizuri kabisa, haijasogea hata kidogo.

Ila ilikuwa imewekwa upande wa juu wa pale gurudumu lilipokuwa.

Kisha mtu mmoja alicheka, na kicheko kikawa cha wote, kile kicheko kibaya cha watu waliotoka kuogopa.

"Kaizuia isipande mbinguni!"

"Na huyu ndiye aliyeletwa kutuambia barabara yetu imeinama wapi!"

"Msomi wa miteremko! Hajui juu wala chini!"

"Breki yako ya mkono inafanya kazi?" Gus aliuliza.

"Inashika kidogo, halafu inaachia," Pasko alisema. "Ndiyo maana natembea na kabari."

"Gia ilikuwa imetolewa. Nimeichungulia." Gus akatoa pingu. "Kabari umeweka kijinga, gia umetoa, breki mbovu unaijua. Bi Ottilie asipoamka, bwana, jambo hili halina jina dogo."

Watu walicheka. Zella hakucheka.

Kwa sababu katika kaunti nzima kulikuwa na watu watatu tu ambao mkono wao ungeiweka kabari pale bila kufikiri. Wa kwanza ni baba yake. Wa pili ni shangazi yake. Wa tatu alikuwa amesimama pale na kipande cha gauni mkononi.

Kwa aliyejiunga nasi leo, nitasema haraka. Ukitoka Kunkle kuelekea magharibi utakuta bango: MLIMA WA KUHNERT, KIVUTIO KIKUU CHA MILIMA YA PENNSYLVANIA. Unalipa langoni, unasimamisha gari kwenye mstari mweupe, unatoa gia, unaachia breki. Gari linapanda mlima lenyewe. Watoto wanapiga kelele, wazee wanajishika vifua, na wote wakitoka wananunua sumaku ya kubandika kwenye jokofu.

Barabara ile haipandi. Inashuka. Babu yake Zella alipanda misonobari ikiwa imeinama na kuchimbia nguzo za ua zikiwa zimeinama, na bonde lenyewe limeficha upeo wa macho, basi jicho likifika hapo linadanganyika. Mji mzima unajua. Hakuna anayesema. Mgeni akiuliza, mwuza mafuta, mwalimu, hata mchungaji, wote wana jibu moja: "Sumaku."

Na akina Kuhnert, ambao wamefanya kazi mlimani tangu utotoni, mikono yao imejifunza kinyume. Gari likisimama, kabari wanaitia upande ambao macho yanauita juu, kwa sababu huko ndiko gari litakakokwenda. Wanaifanya haraka, wameifunika kwa sketi au kwa buti, mgeni asione. Ukifanya hivyo miaka ishirini, mkono hauulizi tena uko mlima gani.

Zella alingoja watu washuke. Kisha akalisogeza gari lake mwenyewe hadi pale nyuma ya kanisa, akatoka, akachukua gogo dogo kwenye rundo la kuni. Alitaka mkono wake umwambie kwamba amekosea.

Mkono ukaenda upande wa juu wenyewe.

Gari likaanza kuteremka, naye akarudi ndani mbio kuliwahi.

* * *

Shangazi Arvilla alikuwa mbele ya sufuria kubwa la kabichi na tambi, anakoroga kana kwamba hakuna lililotokea. Ndiye anayekata tiketi za mlima. Ndiye aliyemlea Zella tangu mama yake Zella alipomfuata muuza matrekta.

"Umeiona kabari?" Zella alimnong'oneza.

"Nimeona kabichi tu leo. Shika mwiko."

"Shangazi."

"Shika mwiko, nimesema, watu wanatutazama."

Zella akashika mwiko. "Ni mmoja wetu."

"Ni yule kijana. Askari kashasema."

"Mimi nilikuwa mezani kwa bingo, watu wote wameniona. Anabaki nani?"

Arvilla akaongeza chumvi. Alikuwa ameshaiongeza. "Sikiliza, mwanangu. Jioni hii baraza la kaunti linakaa. Huyo kijana alikuwa asimame awaambie wanyooshe barabara. Wakinyoosha, mlima umekufa. Sasa nani atamsikiliza mpima asiyejua kuweka kabari? Mungu kafanya kazi yake. Usiende kumsahihisha."

"Na Bi Ottilie?"

"Bi Ottilie namwombea."

"Na Anton?"

Shangazi akamkazia macho. "Kumbe tumefika kwenye Anton. Baba yako kila siku anasema, kivutio si lazima kiwe kweli, mradi kivute. Wewe umevutwa, basi. Watu wanavutwa kila siku na wanarudi makwao salama. Utasahau."

Zella alirudisha mwiko.

Alikumbuka siku Pasko alipofika mara ya kwanza. Alilaza kipimo chake cha usawa barabarani, akainama, akakitazama kiputo cha hewa ndani yake, akasema kwa sauti ya kawaida mbele ya basi zima la wageni kutoka Ohio: "Dada, mlima wako unashuka."

"Na wewe shusha sauti," Zella alimwambia.

"Hakuna mvuto wowote hapa."

"Utarudi kesho?"

"Nitarudi. Sijamaliza kupima."

Alirudi kesho yake. Akarudi wiki tatu, kwa barabara ambayo mtu angeipima kwa asubuhi mbili. Wiki ya pili hata kipimo alikuwa anakisahau garini.

* * *

Pasko alikuwa amekalishwa kiti cha nyuma cha gari la Gus, mlango wazi, pingu mikononi. Gus alikuwa hatua chache pembeni, kwenye redio, anauliza habari za hospitali.

"Sikuiweka mimi," alisema alipomwona Zella.

"Najua."

"Najua kwamba unajua." Alitabasamu kwa upande mmoja. "Nimekuona wiki tatu unaficha kabari kwa sketi. Najua mkono ulioiweka ile ni wa aina gani, Zella. Sijui ni wa nani."

"Mbona hujamwambia Gus?"

"Nimwambie nini? Kwamba mlima wenu ni uongo? Hilo si la kwangu kulisema. Ni mlima wenu."

"Utafungwa, Anton!"

"Labda Bi Ottilie ataamka."

"Na asipoamka?"

Pasko akatazama viatu vyake. Zella angeweza kuvumilia mtu amlaumu, hata amtukane. Hilo la kutazama viatu hakuliweza.

Aligeuka. Baba yake, Merle Kuhnert, alikuwa amesimama karibu na ngazi za kanisa katikati ya wanaume, mrefu, kofia ya mlima kichwani, mikono kwenye mifuko ya koti. Alikuwa anacheka na mjumbe wa baraza. Alicheka sana. Baba yake hakuwa mtu wa kucheka hivyo.

"Gus!" Zella aliita. "Mfungue huyo mtu."

"Usinianze, Zella. Tumesoma darasa moja, lakini usinianze."

"Mfungue mikono tu, dakika moja. Leta gari lako hapa kwenye mteremko."

"Kwa nini?"

"Leta, nikuoneshe. Nikikosea nitie pingu mimi."

Watu wa Kunkle wanapenda mchezo wowote usio na kiingilio. Wakaanza kukusanyika. Gus alinung'unika, lakini alilileta gari, akalisimamisha nyuma ya kanisa, akabaki kwenye usukani na mguu kwenye breki. Pasko akafunguliwa. Zella akamrushia ile kabari nyekundu.

"Lizuie."

Pasko akainama akaitia chini ya gurudumu. Upande wa chini. Hakufikiri hata kidogo.

"Anaigiza!" mtu alisema. "Sasa kashajua!"

"Tumeshamcheka mchana kutwa, angekosaje kujua?" akadakia mwingine.

"Sawa," Zella alisema. "Anaigiza. Basi nitazameni mimi."

"Zella," baba yake aliita. Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Njoo hapa."

"Naja, Baba."

Lakini hakwenda. Alisimama mbele ya watu, mbele ya wajumbe wa baraza, mbele ya wageni wawili wa Ohio waliokuwa na sumaku zao mpya kwenye mfuko wa karatasi.

"Barabara ya mlima wetu inashuka," alisema. "Mnajua. Wote mnajua. Gari halivutwi na sumaku, halivutwi na kitu chochote, linateremka tu kama magari yote duniani, na sisi tunaweka kabari upande unaoonekana wa juu kwa sababu huko ndiko chini. Nimefanya hivyo tangu nikiwa mtoto. Baba amefanya hivyo. Shangazi pia. Leo nimejaribu hapa hapa, kwenye mteremko wa kweli, na mkono wangu umekosea. Aliyeweka kabari hii hakuwa mjinga. Alikuwa Kuhnert."

Mmoja wa wageni wa Ohio alisema polepole, "Inashuka?"

Mwuza mafuta alivua kofia yake kama mtu aliye mazikoni.

"Funga mdomo," baba yake alisema. Hakuipandisha sauti. "Funga mdomo wako, Zella. Unaua nyumba yako."

"Kuna njia rahisi, Baba." Zella aliiokota kabari, akamfuata hadi kwenye ngazi, akamnyooshea. "Gari la Gus lile pale. Lizuie. Ukiweka chini, nitakuwa mwongo mbele ya mji mzima, na nitapiga magoti hapa."

Merle aliitazama kabari.

Mikono yake ilibaki mifukoni.

"Chukua, Merle," alisema mjumbe wa baraza. "Mmalize huyu mtoto."

Mikono ilibaki mifukoni. Jasho lilimtoka chini ya kofia, likashuka hadi kwenye ndevu, na hata hilo hakulipangusa.

"Nipe mimi!"

Umati uligeuka. Shangazi Arvilla alikuwa anakuja, aproni yake imejaa kabichi, anasukuma watu kwa viwiko. Alimpokonya Zella kabari, akaenda hadi kwenye gari la Gus, akaipigiza chini ya gurudumu kwa nguvu.

Upande wa juu.

"Haya. Mmeona? Ni mimi. Nilimhamishia gari lake ili avikose vipimo vyake hadi baraza litakapofunga. Nilitaka achelewe, basi. Sikutaka mtu aumie. Nitie pingu, Gus, na uniache nizime jiko kwanza."

Watu walishusha pumzi, na wengine walianza kulia. Gus alivuta breki ya mkono, akashuka garini uso umemwiva, pingu zinamning'inia, kama mtu aliyeambiwa amfunge mama yake.

Pasko ndiye aliyesema, taratibu, huku akisugua vifundo vya mikono.

"Bi Arvilla. Hukuwa na haja."

"Haja ya nini?"

"Jioni hii ningewaambia waiache barabara ilivyo. Bonde lile likijazwa kifusi, maji ya masika yatakosa njia na yatakuja hapa mjini. Hilo ndilo nililolipima. Mlima wenu ulikuwa umeshapona."

Lakini Zella hakuwa anamtazama shangazi. Alikuwa anamtazama baba yake, na baba yake alikuwa ameketi kwenye ngazi za kanisa ghafla, kama mtu aliyekatwa miguu.

Redio ya Gus ilikoroma. Aliisogeza sikioni, akasikiliza, akainua mkono watu wanyamaze.

"Bi Ottilie amefumbua macho," alisema. "Anaweza kusema." Akasikiliza tena, na kipaji cha uso wake kikajikunja. "Anasema alikuwa amekwenda kanisani kuchukua miwani, kabla ya yote haya. Aliona gari linahamishwa. Anasema... rudia hapo. Anasema aliyekuwa kwenye usukani alivaa kofia."

Shangazi Arvilla hakuwa na kofia. Shangazi Arvilla, na hili kila mtu Kunkle alilijua, alikuwa anapelekwa kanisani, sokoni na kwa daktari wa meno na ndugu yake Merle, kwa sababu hajawahi kukaa kwenye usukani maishani mwake.

Mji mzima ulikumbuka kwa pamoja. Zella alikuwa wa kwanza.

Merle aliinuka. Alikuja hadi alipo binti yake, karibu sana, na sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ile aliyomfundishia kusoma bango la mlima herufi kwa herufi.

"Sema umekosea," alimwambia. "Bado kuna nafasi. Umechoka, umeogopa, umempenda mgeni, watu wataelewa. Geuka uwaambie. Mwombe shangazi yako radhi, amekulea. Niombe mimi radhi. Omba radhi, mwanangu, tulimalize."

Zella aliitazama mifuko ya koti la baba yake.

"Siombi radhi," alisema. "Toa mikono, Baba."